Goli lisilofungwa ni hatari kwa wanafunzi uwanjani

KENGELE ya mapumziko inapolia katika shule ya msingi, mahali pa kwanza ambapo watoto hukimbilia ni uwanjani. Kabla mpira haujafika, tayari kuna mmoja aliyeruka na kuushika mwamba wa goli, akaanza kubembea huku wenzake wakingoja zamu yao.

Iwapo milingoti ya goli hilo imechimbiwa ardhini na ingali imara, mchezo huo huenda ukaishia kwa karipio la mwalimu wa zamu. Lakini iwapo ni goli la vyuma linalobebwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, na halijafungwa popote, kubembea kwa dakika moja kwaweza kukatiza uhai wa mtoto.

Mjadala kuhusu usalama wa shule nchini Kenya umetawaliwa na mikasa ya moto na majengo, na hilo si ajabu. Taifa halijasahau mkasa wa moto katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli mwaka 2001, kuporomoka kwa madarasa ya shule ya Precious Talent jijini Nairobi mwaka 2019, wala moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, mwaka 2024.

Vifaa vya michezo, kwa upande mwingine, huonekana kuwa vitu vya kuleta furaha na afya. Ni nadra mzazi anayekagua shule kabla ya kumwandikisha mwanawe kuuliza kama goli la uwanjani limefungwa. Hata hivyo, katika nchi ambako takwimu zimekusanywa, magoli ya kuhamishika yamethibitika kuwa miongoni mwa vifaa vya michezo vinavyoweza kuua mtoto hata wakati ambapo hakuna mechi inayochezwa.

Kwa nini shule hupenda magoli haya

Sababu ya shule nyingi kuchagua magoli ya kuhamishika ni ya kueleweka. Uwanja mmoja hutumika kwa gwaride la asubuhi, somo la michezo, mbio za kaunti ndogo, mkutano wa wazazi na, wikendi, ibada au baraza la wananchi. Milingoti iliyochimbiwa ardhini huwa kizuizi kwa shughuli hizo.

Katika mitaa ya miji iliyojaa majengo, shule nyingine hazina uwanja wa nyasi kamwe. Watoto huchezea penye saruji au lami, ambako kuchimba shimo la mlingoti ni gharama na usumbufu.

Isitoshe, milingoti ya mbao iliyozoeleka mashambani, hasa ile ya mikaratusi, huliwa na mchwa na kuoza sehemu iliyo chini ya udongo. Goli la mabomba ya chuma lililotengenezwa na fundi wa jua kali huonekana kuwa suluhisho la kudumu. Hudumu kweli, lakini huja na hatari yake.

Jinsi goli linavyoanguka

Goli kamili la kandanda lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Milingoti miwili na mwamba, ambazo ndizo sehemu nzito zaidi, zote ziko mbele. Nyuma huwa na vyuma vyembamba vya kushikilia wavu na bomba moja linalolala chini. Kwa sababu hiyo, goli huwa limelemea mbele hata kabla ya mtu yeyote kuligusa.

Hesabu ya nyenzo inayofundishwa katika somo la fizikia huonyesha hatari hiyo wazi. Chukua mfano wa goli la kilo 100 lenye kimo cha mita 2.44, ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 40 tu nyuma ya milingoti ya mbele. Nguvu ya kuvuta kuelekea mbele inayotosha kulipindua kutoka kwenye mwamba ni sawa na uzito wa kilo 16 hivi.

Watoto wawili wa Gredi ya 5 wanaobembea kwa pamoja wanaweza kufikisha nguvu hiyo bila kukusudia. Kwa goli dogo la kilo 40 lenye kimo cha mita mbili, na ambalo kitovu chake kiko sentimita 30 nyuma, nguvu ya kilo sita pekee yatosha. Hiyo ni kazi ya mtoto mmoja.

Goli likishaanza kuinama, anayebembea huwa ananing'inia mbele yake. Anapoachilia mikono huangukia mahali palepale ambapo mwamba utatua. Ndiyo maana majeraha makubwa huwa ya kichwa, shingo na kifua.

Upepo mkali, kupanda juu ya wavu na kuburuta goli juu ya ardhi yenye mteremko pia huweza kulipindua. Tatizo kwa hivyo haliko wakati wa mechi pekee. Kipindi cha hatari zaidi ni kile ambacho goli limesimama bila mtu mzima wa kulitazama.

Funzo kutoka Marekani

Mnamo 1995, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Wateja nchini Marekani ilichapisha mwongozo kuhusu magoli ya kuhamishika. Ilieleza kwamba kati ya 1979 na 1994 ilikuwa imepata habari za vifo visivyopungua 21 vilivyotokana na magoli kuanguka. Vinne kati ya vifo hivyo vilitokea katika mwaka mmoja, 1990. Tume hiyo pia ilikadiria kwamba takriban majeruhi 120 walitibiwa kila mwaka katika vyumba vya dharura vya hospitali kati ya 1989 na 1993.

Jambo linalopaswa kuwashtua wasomaji wa Kenya ni aina ya magoli yaliyohusika. Tume iligundua kwamba karibu yote hayakuwa yametengenezwa na viwanda maalumu. Yalikuwa yameundwa na wanafunzi katika karakana za shule, wafanyakazi wa shule au mafundi wa kuchomelea vyuma wa mtaani. Magoli ya namna hiyo mara nyingi huwa mazito mno na hayana uthabiti.

Kwa mujibu wa mwongozo huo, goli la chuma la kawaida huwa na uzito wa kati ya kilo 70 na 225. Uzito huo humpa mnunuzi imani kwamba goli haliwezi kuanguka. Ukweli ni kwamba uzito ulio mbele na juu hauzuii goli kupinduka, bali huongeza madhara linapoanguka.

Mwaka 2011 jimbo la Illinois lilipitisha sheria inayohusu magoli hayo, baada ya mtoto wa miaka sita kufariki alipoangukiwa na goli mnamo 2003. Sheria hiyo inayataka mashirika yanayomiliki magoli ya kuhamishika kuwa na kanuni za usalama, na inazuia kuuzwa kwa magoli yasiyo na kinga ya kupinduka.

Japani yaomboleza tena

Nchini Japani, mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari ya chini katika mkoa wa Shizuoka alifariki Januari 2004 baada ya goli kuangushwa na upepo mkali. Mkasa huo ulizua mjadala mkubwa, na shule zikahimizwa kufunga magoli yao.

Miaka 13 baadaye, Januari 2017, mkasa kama huo ulijirudia katika shule ya msingi mjini Okawa, mkoa wa Fukuoka. Mwanafunzi wa darasa la nne alikuwa mlinda lango katika somo la michezo. Upande wake ulipofunga bao, alirukia kamba ya wavu kwa furaha na kuning'inia. Goli, ambalo lilikuwa la mpira wa mikono na halikuwa limefungwa ipasavyo, lilimwangukia.

Familia yake ilishtaki, na mwaka 2022 mahakama iliamuru utawala wa mji huo kulipa fidia. Kiini cha uamuzi kilikuwa kwamba shule ilipaswa kukagua kama goli limefungwa, na haikufanya hivyo.

Mkasa wa Okawa unatoa funzo zito. Mtoto yule hakuwa mtundu aliyetoroka darasani. Alikuwa somoni, mbele ya mwalimu, akishangilia bao kama mtoto yeyote angeshangilia. Aidha, onyo lililotolewa mwaka 2004 lilikuwa limesikika kote nchini, ila kamba za goli moja hazikuwa zimekaguliwa.

Kanuni za mchezo na za Uingereza

Sheria ya kwanza ya kandanda, inayohusu uwanja, inataka magoli, yakiwemo ya kuhamishika, yafungwe imara ardhini. Refa ana haki ya kukataa kuanzisha mechi iwapo sharti hilo halijatimizwa. Shule zinazozingatia kanuni hiyo wakati wa mashindano zaweza kujiuliza kwa nini iachwe wakati wa mapumziko, ambapo uwanja una watoto wengi zaidi.

Chama cha Soka cha Uingereza kimetoa mwongozo kinachotaka magoli yote ya kuhamishika yafungwe kwa vigingi, nanga au uzito maalumu. Kinakataza mtu yeyote kupanda au kubembea juu ya goli, na kinashauri magoli ya mbao au ya kujitengenezea yasitumiwe. Kulabu za chuma za kushikilia wavu kwenye milingoti zilipigwa marufuku kuanzia msimu wa 2007-08 kwa sababu huweza kukata vidole na mikono ya wachezaji.

Chama hicho pia kinapendekeza jaribio rahisi kabla ya kila mchezo: mtu mzima aushike mwamba na kuubonyeza chini, kisha aisukume milingoti nyuma na kuivuta mbele. Goli likitikisika au kuinuka, halitumiwi hadi lirekebishwe.

Sheria za Kenya zasemaje

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilichapisha mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Mwongozo huo una sehemu inayohusu usalama katika eneo la shule, na unataka kila shule iwe na kamati ya usalama. Kamati hiyo ndiyo mahali pa kwanza ambapo suala la magoli linafaa kujadiliwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inaikabidhi bodi ya usimamizi ya kila shule ya umma wajibu wa kuhakikisha usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi wengine. Kwa hivyo kufunga goli si jukumu la mwalimu wa michezo peke yake. Bodi inayoidhinisha fedha za kununua goli inapaswa pia kuidhinisha fedha za kulifunga.

Kuna pia sheria ya zamani zaidi, Sura ya 34, inayohusu dhima ya wanaosimamia majengo na ardhi. Sheria hiyo inamtaka msimamizi kuchukua hadhari inayofaa ili mgeni awe salama, na inasema wazi kwamba lazima ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima.

Kifungu hicho kinagonga ndipo. Shule haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba mtoto alikatazwa kubembea. Kubembea ni tabia ya watoto tangu jadi, na sheria inamtarajia mtu mzima ailijue hilo mapema. Swali ambalo lingeulizwa ni iwapo goli lilikuwa limefungwa.

Uzito uwekwe wapi

Kosa la kawaida ni kuweka mawe au mifuko ya mchanga kwenye miguu ya milingoti ya mbele. Hapo mzigo huwa umeegemea mahali ambapo goli hupindukia, na kwa hivyo hausaidii karibu kitu.

Uzito huo huo ukiwekwa kwenye bomba la nyuma hufanya kazi kubwa. Katika mfano wa goli la kilo 100 uliotajwa, mifuko miwili ya mchanga ya kilo 25 kila mmoja ikilazwa juu ya bomba lililo mita moja na nusu nyuma ya milingoti, nguvu ya kulipindua hupanda kutoka kilo 16 hadi kilo 47. Mfuko mtupu wa sintetiki na mchanga wa mtoni havihitaji bajeti kubwa.

Kilo 47 hata hivyo hazitoshi kuwazuia vijana watatu wa sekondari. Ndiyo maana mifuko inafaa kuwa kinga ya muda, au ya viwanja vya saruji, huku vigingi vikiwa kinga ya kudumu penye udongo.

Aina ya udongo pia ni muhimu. Katika maeneo ya udongo mweusi kama vile Mwea, Athi River na nyanda za Kano, ardhi hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kigingi kilichoshika barabara mwezi wa Mei huenda kikang'oka kwa mkono Februari. Kwenye mchanga wa Pwani, kigingi kifupi hakishiki, na kinahitajika kirefu zaidi au cha kusokotwa kama parafujo.

Maagizo kwa fundi

Shule inayomwagiza fundi wa kuchomelea vyuma inaweza kuondoa sehemu kubwa ya hatari kabla goli halijafika uwanjani. Fundi aambiwe bomba zito zaidi liwe la nyuma chini, na vyuma vya pembeni virefushwe ili goli liwe na kina cha kutosha.

Pete za chuma zichomelewe kwenye bomba la nyuma na la pembeni ili vigingi au minyororo ipite. Ncha zote za bomba zifunikwe, na viungo vilainishwe visikate. Kwa watoto wadogo, goli kamili halina haja. Goli la upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 1.83, kama linavyotumiwa katika soka ya watoto Uingereza, huwafaa zaidi na ni jepesi kubeba.

Ratiba ya shule

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii inahitaji utaratibu zaidi ya pesa. Kwanza, bodi iteue mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa msimamizi wa vifaa vya michezo, na mwingine wa kushika nafasi yake asipokuwepo. Kazi ya kila mtu huishia kuwa kazi ya asiyekuwepo.

Pili, magoli yakaguliwe kila Jumatatu asubuhi. Siku hiyo inafaa kwa sababu viwanja vingi hutumiwa na wanakijiji wikendi, na goli lililofungwa Ijumaa huenda likawa limefunguliwa na kusogezwa. Matokeo yaandikwe katika daftari pamoja na tarehe na sahihi.

Tatu, goli lisilotumika lilazwe kifudifudi, mwamba ukiwa ardhini, au magoli mawili yaelekezwe uso kwa uso na kufungwa pamoja kwa mnyororo na kufuli. Muhula unapofungwa, yafungiwe mahali ambapo watoto wa kijiji hawawezi kuyasimamisha.

Nne, wanafunzi wasiagizwe kubeba goli bila watu wazima. Ajali nyingine hutokea wakati wa kuhamisha, pale ambapo upande mmoja unanyanyuliwa kabla ya mwingine. Watu wazima wanne au zaidi, kulingana na uzito, washike pembe zote na kutembea kwa mwendo mmoja.

Tano, wanafunzi waelezwe sababu na wasipewe amri tupu. Kiranja wa michezo aliyeona mwalimu akivuta mwamba na goli likiinuka kwa urahisi ataieneza habari hiyo haraka kuliko bango lolote.

Vifaa vingine

Hatari ya kupinduka haiko kwenye magoli pekee. Nguzo za voliboli na netiboli zilizosimikwa kwenye tairi lililojazwa saruji huanguka kwa njia iyo hiyo wavu unapovutwa. Bodi za mpira wa kikapu zenye magurudumu zinahitaji kufungwa magurudumu na kuwekewa uzito nyuma. Australia iliweka kanuni za lazima kuhusu pete na bodi za kikapu mwaka 2005, baada ya vijana kufa kwa kuning'inia kwenye pete zilizofungwa vibaya.

Mikuki, visahani na tufe navyo visiachwe uwanjani baada ya mazoezi. Mkuki ubebwe ukiwa wima, na wanafunzi watembee kwenda kuuchukua, wasikimbie.

Goli likianguka

Iwapo ajali itatokea licha ya hadhari zote, watu wazima kadhaa walinyanyue goli kwa pamoja na kwenda juu moja kwa moja, bila kuliburuta juu ya aliyeumia. Mtoto aliyepigwa kichwani au shingoni asiinuliwe wala kuketishwa, isipokuwa kama hapumui au yuko katika hatari nyingine. Kichwa chake kishikiliwe kisitikisike hadi wahudumu wa afya wafike. Hata akisema hajambo, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa damu inaweza kuvuja ndani ya kichwa bila dalili za mapema.

Kisha goli lililoanguka lisirejeshwe uwanjani siku inayofuata kana kwamba hakuna lililotendeka. Magoli mengine yote ya shule yakaguliwe, na kamati ya usalama iandike taarifa.

Vigingi vinne, mifuko miwili ya mchanga, mnyororo na daftari ni vitu ambavyo shule nyingi za umma zinaweza kuvipata kabla ya muhula kwisha. Mtoto ataendelea kuurukia mwamba, leo na kesho, kwa sababu yeye ni mtoto. Wajibu wa watu wazima ni kuhakikisha kwamba atakaporuka, goli litabaki limesimama.